Miaka 46, solfa naijua, nota za mistari zinanishinda: nianzie wapi kusoma muziki?

SWALI: "Nina miaka 46, naishi Moshi, kazi yangu ni ya ofisini Jumatatu hadi Ijumaa. Nimefundisha kwaya yetu miaka 11 sasa, waimbaji 32. Solfa, zile nota za herufi d, r, m, nasoma bila shida na sauti nne huwa napanga mwenyewe, ila nikipewa karatasi ya nota za mistari mitano najiona kama sijaenda shule. Kidato cha nne nilipata C mbili na D tatu. Cha sita sikufika. Natamani kusoma muziki chuo kikuu. Mwenzangu mmoja ananiambia sikio la mtu mzima halifundishiki tena. Mwingine amenitumia tangazo la diploma ya muziki ya mtandaoni ya miezi mitatu, eti nikiwa nayo naingia shahada mwaka wa pili. Wifi yangu anacheka kwamba uzeeni nakwenda ngumbaru. Nianzie wapi, na hiyo diploma niilipie?"

JIBU: Usiilipie. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lenye haraka. Mengine yanaweza kungoja tuyazungumze taratibu.

Vyuo vyetu vinahesabu masomo kwa krediti, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: darasani, mazoezini, kazi za nyumbani na mitihani, vyote humo humo. Mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120, yaani saa 1,200. Stashahada, hiyo tunayoiita diploma, ni ngazi ya 6 ya NTA, mfumo wa tuzo za elimu ya ufundi, na kwa aliyetoka kidato cha nne huchukua kama miaka mitatu akipitia ngazi ya 4 na ya 5. Sasa chukua miezi mitatu, wiki 12, ukisoma saa 40 kila wiki bila kukosa hata siku moja: unapata saa 480, krediti 48. Hazifiki hata nusu ya mwaka mmoja. Karatasi hiyo wanaweza kuiita diploma, lakini ukiifikisha kwenye dawati la udahili itasomwa kama cheti cha kozi fupi, basi. Kama bado moyo unakuvuta, muulize mwenye tangazo chuo kimesajiliwa na nani na kwa namba gani, kisha wewe mwenyewe uwapigie NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kwa ngazi za cheti na stashahada, au TCU, tume ya vyuo vikuu, kwa shahada. Namba ya simu ichukue kwenye tovuti yao wenyewe, usiichukue kwenye tangazo.

Kuhusu wifi yako, mwambie kwa upole kwamba elimu ya watu wazima katika nchi hii haikuanza na ubao wa "a e i o u". Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianza mwaka 1960 kama tawi la masomo ya nje la Chuo cha Makerere, kwa ajili ya watu wazima wenye kazi zao waliotaka masomo ya kiwango cha chuo. Baadaye ikawa chini ya chuo cha Dar es Salaam, na mwaka 1975 ikapewa sheria yake. Ngumbaru ilipata nguvu zaidi baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na ilifanya kazi kubwa ya heshima. Lakini ile ilikuwa sehemu moja tu ya jambo hili. Mtu wa miaka 46 anayetaka kusoma muziki anarudi kwenye lile lile lililokusudiwa tangu mwanzo.

Tuje kwenye sikio. Aliyekwambia halifundishiki amechanganya vitu viwili. Kuna watu wachache wanaosikia sauti moja tu, bila kulinganisha na nyingine yoyote, wakakwambia "hiyo ni A". Uwezo huo hujengeka utotoni, na mtu mzima karibu hawezi kuupata kwa mazoezi. Lakini muziki hauendeshwi nao. Kinachoendesha muziki ni kusikia umbali kati ya sauti na sauti: kwamba hii ni mi juu ya do, ile ni ti inayotafuta do. Huo unafundishika katika umri wowote, na wewe tayari unao. Mtu anayesimama mbele ya waimbaji 32, akapewa do, akawapa soprano, alto, tenori na besi sauti zao za kuanzia bila kinanda, ameshapita mahali ambapo wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza wanahangaika.

Kwa nini basi mistari mitano inakushinda? Solfa inaandika kazi ya sauti, mistari inaandika mahali pake. Ukiona "m" unajua ni mi, iwe kii (sauti inayochukuliwa kuwa do) ni F au G. Kwenye mistari, nota iliyokaa mstari wa pili kutoka chini inaweza kuwa do leo, re kesho, so keshokutwa, kutegemea kii. Jicho lako linatafuta jina na halilioni, likishtuka sikio nalo linanyamaza. Wengi hapo huambiwa wakariri A, B, C za kila mstari na nafasi, na wanakata tamaa kwa sababu wanaacha kitu wanachokijua wakaanza upya kama watoto. Usifanye hivyo. Itumie solfa yako kama ngazi ya kupandia.

Kwanza tafuta do. Tazama alama zilizopangwa mwanzoni mwa mistari, baada ya ufunguo, ile alama kubwa ya kwanza kushoto. Zikiwa ni shapu (♯), ya mwisho kulia ndiyo ti. Panda nusu toni, hiyo ni do. Zikiwa ni flati (♭), ya mwisho ndiyo fa. Na zikiwa mbili au zaidi, ile ya kabla ya mwisho iko mahali pa do yenyewe. Flati ikiwa moja, do ni F. Hapo ukumbuke jambo moja litakalokuokoa: do ikikaa kwenye mstari, mi na so zinakaa kwenye mistari miwili inayofuata juu yake, do ikikaa kwenye nafasi, mi na so nazo ziko kwenye nafasi. Kwa ufunguo wa juu, ule wa soprano na alto, kii ya G inakupa mstari wa 2, wa 3 na wa 4. Kii ya F inakupa nafasi ya 1, ya 2 na ya 3. Ukishaziona hizo tatu, zilizobaki unazijaza kwa sikio.

Jaribu na kipande hiki, kii ya F, mapigo mawili:

| d :r | m :d | f .m :r | d :– ||

Do iko nafasi ya kwanza. Re mstari wa pili, mi nafasi ya pili, kisha unarudi do. Kwenye kipimo cha tatu, yaani sehemu ya tatu kati ya vistari vya wima, fa iko mstari wa tatu, na hiyo ni B flati. Huiwekei alama nyingine kwa sababu flati imeshaandikwa mwanzoni. Kinachowaangusha wasomaji wa solfa hapa ni mapigo zaidi kuliko sauti. Kwenye solfa kila pigo lina chumba chake kilichotengwa kwa alama ya nukta mbili (:), macho yanahesabu vyumba. Kwenye mistari hakuna vyumba. Urefu wa nota unasomwa kwa umbo lake. Ile "f .m" inakuwa nota mbili nyeusi zenye mikia iliyofungwa pamoja kwa ufito, ile "d :–" inakuwa nota moja nyeupe yenye mkia. Kwa hiyo kabla hujaimba chochote, piga makofi ya mdundo peke yake, metronomu (kipiga mapigo) ya simu ikiwa 60 kwa dakika. Ukikosea mdundo mara mbili mahali pale pale, usiendelee na sauti.

Kuna kosa jingine linalowapata walimu wa kwaya karibu wote wanapohamisha wimbo kutoka solfa kwenda kwenye mistari. Kwenye solfa, tenori na besi huandikwa oktava moja (umbali wa do hadi do inayofuata) juu ya wanavyoimba, ili kuepuka kujaza vialama vya chini. Ukihamisha kama ulivyoona, besi wako watapanda hadi mahali pa alto, na mtu wa kinanda atakushangaa. Zishushe sauti za wanaume oktava moja. Tenori ukiiandika kwenye ufunguo wa juu, weka tarakimu ndogo 8 chini ya ufunguo.

Mazoezi haya yafanye dakika 20 kila siku, siku sita kwa wiki, kuliko saa mbili za Jumamosi pekee. Saa zinalingana, matokeo hayalingani, kwa sababu ubongo unashika zaidi pale unapolazimika kukumbuka tena baada ya kulala. Wiki nne za kwanza baki kwenye F na G tu. Kisha ongeza C, D na B flati, na ufunguo wa besi. Kuanzia wiki ya tisa chukua wimbo mmoja wa sauti nne ulioupanga mwenyewe, uuandike wote kwenye mistari kwa penseli. Kinanda cha vitufe 61 kinatosha kabisa, mradi vitufe viwe vya ukubwa wa kawaida. Vile vyembamba vya kitoto vinavifundisha vidole umbali usio sahihi.

Na macho. Baada ya miaka 40 lenzi ya jicho inakakamaa, vitu vya karibu vinafifia. Miwani ya kusomea kwa kawaida hupimwa kwa kitabu kilicho kama sentimita 40 kutoka usoni, lakini karatasi kwenye kinanda iko sentimita 60 hadi 70. Watu wazima wengi wanaodhani hawawezi nota, kumbe hawaioni mistari vizuri na shingo inauma kwa kuinama. Pima kwa futi umbali kutoka jicho lako hadi kwenye karatasi, umpelekee mpimaji wa macho hiyo namba.

Sasa chuo. Kwa matokeo yako una ufaulu wa masomo matano. Ngazi ya 4 ya NTA inataka angalau D nne za masomo yasiyo ya dini, kwa hiyo hakikisha kwenye yale matano manne si ya dini. Shahada moja kwa moja haitawezekana bila kidato cha sita. Njia mbili zipo. Ya kwanza ni ngazi kwa ngazi: cheti, stashahada, kisha shahada ukiwa na GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0. Ya pili ni utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambao TCU inausimamia. Unapimwa kwa mtihani na kwa jalada la ushahidi wa kazi zako. Usidhani njia hii ya pili ni ya mkato. Muulize afisa udahili kama programu unayoitaka inawapokea watu kwa njia hiyo mwaka huo, kabla hujalipa ada ya mtihani.

Kwa mtu wa Moshi, mahali pa karibu ni Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, Usa River, chenye shahada ya kwanza ya muziki na kituo chake cha sanaa za utamaduni. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, ambayo ilianza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, inatoa cheti na stashahada pamoja na kozi fupi, na kwa ngoma, uchezaji na ala za asili ni mahali pazuri sana. Lakini Bagamoyo ni safari ya kutwa nzima hata ukikatia Msata, kwa hiyo ni ya likizo au ya kuhamia. Chuo Kikuu Huria kina vituo Moshi na Arusha, na kwa aliyetaka Kiswahili na fasihi ningemtuma huko bila kusita. Muziki wa vitendo, wenye mtu wa kukusikiliza, si kitu cha kukisoma kwa mbali.

Hapo ndipo penye uamuzi mgumu. Shahada ni krediti 360, saa 3,600. Kwa mwanafunzi wa kutwa ni saa kama 40 kwa wiki, kwa wiki 30 za mwaka. Mtu mwenye ajira, akibana kweli kweli, anapata saa 8 kwa wiki. Kwa wiki hizo 30 ni saa 240 kwa mwaka. Gawanya: miaka 15. Juu yake weka kosta la kwenda Usa River na kurudi, karibu saa tatu kila siku ya darasa. Mikopo nayo usiiwekee matumaini, maana miongozo ya Bodi ya Mikopo imekuwa ikiweka kikomo cha umri wa miaka 35 kwa waombaji wa shahada ya kwanza. Kwa hiyo shahada inawezekana pale tu utakapokubali kuacha au kupunguza kazi kwa miaka kadhaa, nyumba nzima ikiwa imekubaliana. Nisingekushauri uamue hivyo leo, kabla hujajua mistari mitano ina ladha gani ukiizoea.

Ushauri wangu ni mwaka mmoja wa saa 200 hapo hapo Moshi. Saa mbili kwa wiki ni zile dakika 20 za kila siku. Saa moja ni ya kuandika. Saa moja Jumamosi ukae na mtu anayesoma nota na kupiga kinanda. Moshi haikosi wapiga kinanda wa makanisani, na wengi watakubali mkilipana kwa saa. Saa nne, wiki 50. Hiyo ya Jumamosi ndiyo usiikose, kwa sababu makosa ya mkono na ya mdundo mtu hayasikii mwenyewe. Masomo ya bure ya mtandaoni yatakufaa kwa nadharia na kwa kutambua alama. Hayawezi kukwambia kwamba unashikilia pumzi kila unapofika fa.

Ukitaka kipimo kinachotambulika mwishoni mwa mwaka huo, ipo bodi ya mitihani ya muziki ya London, ABRSM, yenye madaraja 1 hadi 8. Mitihani ya nadharia ya daraja la 1 hadi la 5 inafanyika mtandaoni, na ile ya kupiga ala au kuimba inaweza kufanywa kwa video ya vipande vinne mfululizo bila kukatwa. Daraja hizo hazikupi nafasi chuoni zenyewe, ila zinamwonyesha afisa udahili kwamba nota unazisoma.

Ukiona kozi fupi popote, Arusha au kwingine, uliza mambo yafuatayo kabla ya kutoa pesa: saa ngapi nitakaa na mwalimu peke yangu au tukiwa wawili, kinanda kimoja tunakitumia wangapi, nitapimwa kwa nini mwishoni, cheti ni cha kuhudhuria au kina krediti, chumba cha mazoezi kinafunguliwa Jumamosi? Omba mchanganuo wote wa ada kwa maandishi, mtihani na usajili vikiwemo. Anayejibu kwa kukuonyesha picha za mahafali tu, mwache. Na usiidharau kozi ya saa 40 iliyofundishwa vizuri. Itakutoa kwenye kuogopa karatasi hadi kusoma mstari wa sauti moja kwa kii nne au tano. Kutunga na kupanga sauti nne kwa ufundi haitakufikisha.

Jalada lako lianze sasa hivi, hata kama chuo ni cha miaka mitatu mbele. Rekodi kwaya kila baada ya miezi mitatu, utamke tarehe mwanzoni mwa rekodi, na video ikuonyeshe wewe ukiongoza. Wapimaji hawana la kufanya na sauti nzuri ya kwaya kama hawaoni mkono wa aliyeiongoza. Kwenye kila wimbo andika wazi upi umetunga, upi umepanga sauti tu, upi umefundisha. Barua ya viongozi wa kwaya itaje miaka, idadi ya waimbaji na kazi yako hasa. Barua inayosema tu "ni mtu wa kujituma" haisaidii.

Mawili ya kumwona mtu ana kwa ana. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu bila mafua, usinywe tangawizi ukangoja; nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, na hospitali ya KCMC iko hapo hapo mjini kwako. Kuendelea kufundisha kwa sauti iliyovimba kunaweza kuacha vinundu kwenye nyuzi za sauti. La pili, kabla ya kujaza fomu yoyote, chukua ruhusa ya siku moja ya kazi uende Makumira. Omba kukaa nyuma kwenye kipindi cha nadharia na kipindi cha kinanda, na ubebe nyimbo zako mbili, moja kwa solfa na nyingine uliyoihamisha kwenye mistari. Mwombe mwalimu wa hapo azitazame dakika kumi na akwambie kwa uwazi angekuanzisha ngazi gani.